Kaburi Lililopakwa Chokaa: Maana na Asili ya Msemo

Miongoni mwa misemo iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya Biblia, mmoja unaosikika mara nyingi ni ule wa kumwita mtu kaburi lililopakwa chokaa. Husemwa juu ya mtu ambaye mwenendo wake wa hadharani ni wa kusifiwa, na mwenendo wake wa siri ni wa kuaibisha. Maelezo yake ya kawaida ni mepesi: nje weupe, ndani uozo, chokaa ni pambo la kudanganya macho.

Maelezo hayo si ya uongo, walakini ni nusu ya maana. Katika nchi ambako msemo huu ulizaliwa, chokaa ya makaburini ilikuwa na kazi ya kuwaepusha watu, si ya kuwavuta. Ilikuwa alama ya hatari, na aliyeiona alijua kwamba yampasa kupita mbali. Basi hapo huzuka swali: alama iliyowekwa ili kuonya iligeukaje kuwa mfano wa udanganyifu? Jibu la swali hilo hurudisha katika msemo jambo ambalo matumizi ya siku hizi yamelisahau, yaani kwamba unafiki si kificho tu, bali pia ni unajisi unaowapata wengine.

Chimbuko la msemo ni Injili ya Mathayo, mlango wa 23, aya ya 27 na ya 28. Katika mlango huo Yesu, akiwa Yerusalemu, awakemea waandishi na Mafarisayo kwa ole saba, na ole ya makaburi ni ya sita. Awafananisha na makaburi yaliyopakwa chokaa, ambayo kwa nje huonekana mazuri, na kwa ndani yamejaa mifupa ya wafu na uchafu. Kisha afasiri mfano wake mwenyewe: machoni pa watu wao ni wenye haki, na mioyoni wamejaa unafiki na uasi. Mpango wa Injili hiyo wayaweka maneno haya siku chache tu kabla ya sikukuu ya Pasaka, kwa kuwa mwanzoni mwa mlango wa 26 yasemwa kwamba Pasaka imebaki siku mbili. Majira hayo yana uzito mkubwa katika kuufahamu msemo, kama itakavyoonekana.

Sheria ya Musa ilimhesabu aliyegusa maiti kuwa najisi. Katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 19, hukumu hiyo yampata pia aliyegusa mfupa wa mtu au kaburi. Unajisi wake ulidumu siku 7, na ilimlazimu kunyunyiziwa maji yaliyotiwa majivu ya ng'ombe mwekundu siku ya tatu na siku ya saba. Kwa makuhani sheria ilikuwa kali zaidi: kitabu cha Walawi, mlango wa 21, huwakataza kujitia unajisi kwa ajili ya maiti, isipokuwa maiti wa jamaa zao wa karibu sana. Hasara ya unajisi huo haikuwa ndogo. Mlango wa 9 wa Hesabu wasimulia habari za watu waliozuiwa kuila Pasaka kwa wakati wake kwa sababu walikuwa najisi kwa maiti, wakaamriwa kungoja mwezi mzima na kuila siku ya kumi na nne ya mwezi wa pili.

Yafaa kumfikiria msafiri wa zamani zile, atokaye Galilaya kwenda kuhiji Yerusalemu. Ametembea siku kadha wa kadha, na njia yapita vilimani na mashambani ambako watu wamezikwa huku na huku. Akikanyaga kaburi asilolijua karibu na siku ya sikukuu, safari yake yote imeharibika. Amefika mjini, lakini hawezi kushiriki karamu aliyoijia. Hatua moja ya kutojua yatosha kumtenga na jamaa zake kwa siku 7.

Ili kuwaokoa watu na balaa hiyo, Wayahudi waliyatia makaburi alama. Habari zake zimo katika Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya sheria za Kiyahudi uliotungwa takriban mwaka 200 baada ya Kristo. Kitabu cha Shekalim chasema kwamba siku ya 15 ya mwezi wa Adari hutengenezwa barabara na kutiwa alama makaburi. Adari ni mwezi unaotangulia Nisani, ambao ndio mwezi wa Pasaka. Kwa hiyo kazi hii ilifanywa muda wa mwezi mmoja kabla ya sikukuu, mvua za majira ya baridi zikiwa zimekwisha kuharibu njia na kuosha chokaa ya mwaka uliopita. Kitabu cha Maaser Sheni chaeleza namna ya kufanya: kaburi hutiwa alama kwa chokaa, nayo huchanganywa na maji ikamiminwa. Nayo Talmudi ya Babeli yaongeza sababu ya kuchaguliwa chokaa badala ya udongo, ya kwamba weupe wake wafanana na weupe wa mifupa. Rangi yenyewe ilikuwa tangazo la kilichomo.

Ni kweli kwamba Mishna iliandikwa baada ya zama za Yesu kwa zaidi ya miaka mia na nusu. Lakini mapokeo yaliyomo ni ya kale kuliko maandishi yake, na wengi wa wafasiri wa Injili wakubali kwamba desturi hiyo ndiyo iliyokuwa mbele ya macho ya wasikilizaji wa Mathayo. Ikiwa ndivyo, maneno yale yalisemwa wakati chokaa ilikuwa ingali mpya, na makaburi yakimeta juani kuuzunguka mji.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mnafiki huficha uovu wake. Kaburi lililopakwa chokaa lautangaza. Mnafiki huwavuta watu wamkaribie. Kaburi lenye chokaa huwaambia wajitenge. Kwa desturi ya Kiyahudi, mfano uliofaa zaidi ungekuwa kaburi lisilo na chokaa kabisa. Na mfano huo upo: Injili ya Luka, mlango wa 11, aya ya 44, yawafananisha Mafarisayo na makaburi yasiyoonekana, ambayo watu hupita juu yake wasijue. Luka hataji chokaa. Kwake hatari ni kukanyaga bila kujua, na jambo hilo lapatana barabara na sheria ya Hesabu.

Wafasiri wamelikabili tatizo hili kwa njia mbalimbali. Wako wasemao kwamba uzuri wa chokaa ulikuwa jambo la nyongeza tu: waliopaka hawakukusudia urembo, lakini jicho la mgeni lililotazama kutoka mbali liliona weupe wa kupendeza kabla ya akili kukumbuka maana yake. Wako wengine wasemao kwamba Mathayo hakukusudia chokaa ya alama, bali lipu ya fahari iliyopakwa makaburi ya matajiri, au masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa yaliyonakshiwa na watu wa Yerusalemu katika zama hizo. Hoja yao yapata nguvu katika aya ya 29, inayotaja waziwazi kujenga makaburi ya manabii na kuyapamba maziara ya wenye haki. Tena katika bonde la Kidroni, upande wa mashariki wa mji, yako hata leo makaburi ya fahari yaliyochongwa mwambani, kama lile liitwalo la Absalomu na lile liitwalo la Zekaria, ambayo wachimbuaji wa mambo ya kale huyahesabu kuwa ya karne zile za mwisho kabla ya kubomolewa hekalu mwaka 70.

Kila moja ya hoja hizi ina sehemu yake ya kweli, na hapana haja ya kuitupa moja kwa ajili ya nyingine. Neno la kuangaliwa ni lile litajwalo mwishoni mwa mfano. Kilichomo ndani ya kaburi si mifupa peke yake, bali pia uchafu, na neno la Kiyunani lililotumika hapo, akatharsia, ni neno litumikalo pia kwa unajisi wa kisheria. Msikilizaji wa Kiyahudi hakusikia uvundo tu katika neno hilo. Alisikia hatari ya kuambukizwa. Basi Mathayo ameunganisha mambo mawili katika picha moja: uzuri unaoonekana, na unajisi unaowapata wakaribiao. Ukali wa msemo wote umo katika muungano huo. Watu waliojihadhari wasiguse makaburi, ili wasipoteze utakatifu wao, waambiwa kwamba wao wenyewe ndio makaburi ya kujihadhari nayo.

Maana hii hudhihirika zaidi msemo huu ukilinganishwa na ndugu yake. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 23, aya ya 3, Paulo amwita Anania, kuhani mkuu, ukuta uliopakwa chokaa, kwa sababu aliketi kuhukumu kwa sheria, na huku akiamuru mshtakiwa apigwe kinyume cha sheria. Kitenzi cha Kiyunani ni kile kile cha Mathayo. Picha ya ukuta ina mzizi katika kitabu cha Ezekieli, mlango wa 13, ambamo manabii wa uongo wafananishwa na watu wapakao chokaa juu ya ukuta dhaifu. Mvua ikinyesha, ukuta waanguka pamoja na chokaa yake. Ukuta wa namna hiyo hudanganya, lakini haumtii mtu unajisi. Kosa lake ni udhaifu uliofichwa, na mwisho wake ni kuanguka. Yaonekana, basi, kwamba Waswahili wengi watumiapo msemo wa kaburi huupa maana ya ukuta: wafikiri juu ya kificho, na habari ya kuambukiza haimo.

Majina ya unafiki wenyewe yana historia ya kufanana na hiyo. Neno la Kiyunani hypokrites maana yake ya kwanza ni mwigizaji, mtu avaaye uso wa bandia katika mchezo wa jukwaani. Lakini Wayahudi waliofasiri Maandiko kwa Kiyunani kabla ya zama za Kristo walilitumia neno hilo mahali pawili katika kitabu cha Ayubu, mlango wa 34 na wa 36, kufasiri neno la Kiebrania hanef. Shina la neno hilo la Kiebrania lachukua maana ya kutia unajisi: ndilo litumikalo katika Hesabu, mlango wa 35, panapokatazwa kuinajisi nchi kwa damu. Kwa hiyo, masikioni mwa Myahudi ajuaye Kiyunani, neno la unafiki halikuwa la mchezo tu. Lilikuwa na kivuli cha unajisi nyuma yake, na ole ya makaburi yaufunua wazi ujirani huo wa maana.

Kiswahili kililipata neno mnafiki kutoka Kiarabu, munafiq, ambalo ni neno mashuhuri la Kurani. Sura ya 63 huitwa kwa jina la wanafiki. Wanachuoni wa kamusi za Kiarabu huliunganisha na tundu la panya wa jangwani, ambaye huchimba mlango mmoja wa kuonekana na mwingine wa siri. Akiandamwa penye huu, hutokea kwa ule. Wataalamu wengine wa lugha za Kisemiti huliunganisha na neno la Kigeezi cha Uhabeshi lenye maana ya mtu mwenye shaka au mzushi wa dini. Kwa njia yoyote, neno hilo lina picha ya mtu wa pande mbili. Halina picha ya unajisi. Wafasiri wa Biblia walipoliweka mnafiki mahali pa hypokrites walichagua neno sahihi, tena lililokwisha kukomaa katika lugha. Lakini ujirani wa unafiki na unajisi haukuweza kuvuka pamoja nalo.

Kufasiriwa kwa Injili katika Kiswahili ni kazi ya vizazi kadhaa. Edward Steere wa misheni ya UMCA aliyefika Unguja mwaka 1864 alitoa Injili ya Mathayo mwaka 1869. Karl Roehl alitoa Biblia nzima mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Biblia ya Umoja, iliyokusudiwa kutumiwa na makanisa mbalimbali ya Afrika ya Mashariki, ilitoka mwaka 1952, nayo ndiyo iliyouimarisha msemo kwa sura yake inayojulikana sasa. Nchi nyingine zilipita njia zao. Tafsiri ya Kilatini ilisema makaburi yaliyotiwa weupe. William Tyndale, alipoifasiri Injili kwa Kiingereza katika karne ya 16, alisema makaburi yaliyopakwa rangi, na kwa neno hilo akaegemea upande wa pambo. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilirudia weupe.

Kwa njia ya Biblia hiyo ya mwaka 1611 msemo uliingia katika fasihi ya Kiingereza, na mahali pamoja wahusiana na nchi zisemazo Kiswahili. Joseph Conrad, aliyekwenda Kongo mwaka 1890, aliandika hadithi ya Heart of Darkness, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1899. Humo msimulizi afika katika mji mmoja wa Ulaya, usiotajwa jina lakini unaojulikana kuwa Brussels, ili aajiriwe na kampuni ya biashara, na mji huo wamkumbusha kaburi lililotiwa weupe. Nchi ya Kongo ilikuwa milki ya Mfalme Leopold wa Pili tangu mwaka 1885 hata mwaka 1908, na utajiri wa pembe na mpira ulitolewa kwa mateso na vifo vya watu wengi. Conrad aliutumia msemo kwa maana yake kamili: majumba safi ya mji yasimama juu ya mifupa iliyo mbali, na mtu aingiaye humo kutia sahihi mkataba wa kazi hatoki kama alivyoingia.

Katika pwani ya Waswahili msemo huu ulikuta chokaa yenye historia nyingine kabisa. Chokaa ya pwani hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuu la magogo. Kwa chokaa hiyo zilijengwa nyumba na misikiti, na ya kwake ililiwa pamoja na tambuu na popoo. Makaburi ya watu wenye daraja yalijengwa kwa mawe na kupigwa lipu, mengine yakisimamishiwa nguzo na kupachikwa bakuli za Kichina, kama yaonekanavyo Kunduchi, Kaole na Malindi. Huko Gedi liko kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, sawa na mwaka 1399. Kwa watu wa pwani, basi, chokaa juu ya kaburi ilikuwa alama ya heshima, tena kaburi lenyewe lilikuwa mahali pa kuzuriwa na kuombewa dua. Hapakuwa na sheria ya kumhesabu najisi mtu aliyeligusa.

Ni kweli kwamba dini ya Kiislamu nayo ilikuwa na neno la kusema. Hadithi iliyopokewa kwa Jabir bin Abdallah, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, yakataza makaburi kupakwa lipu na kujengewa, na wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani, huhesabu jambo hilo kuwa makuruhu. Lakini katazo hilo lapinga fahari juu ya wafu. Halihusiani na kuambukizwa. Kwa hiyo msikilizaji wa pwani alipousikia msemo wa Mathayo aliufahamu mara moja kwa upande wa pambo, maana pambo alilijua. Upande wa onyo haukuwa na mahali pa kushika.

Tena Kiswahili kilikuwa na misemo yake tayari. Kusema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ni kulaumu sura isiyo na kitu ndani yake. Kumwita mtu ndumakuwili ni kumfananisha na nyoka asemwaye kuwa na vichwa viwili. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ni kumdanganya kwa wema wa uongo. Kila mmoja wa misemo hii waeleza pembe moja ya unafiki kwa ustadi. Msemo wa kigeni ulipokuja uliwekwa karibu na mkakasi, ukachukua maana yake. Kumbe jamaa yake mwingine katika methali za Kiswahili hakutambuliwa, naye ni samaki mmoja akioza, wote wameoza. Maana kamili ya kaburi lililopakwa chokaa ni methali hizi mbili zikiwa pamoja: uzuri wa mkakasi, wenye kuoza kwa samaki.

Jambo moja zaidi lahitaji kuangaliwa. Kwa sababu ole zile zilielekezwa kwa Mafarisayo, jina la Farisayo limekuwa katika lugha nyingi tusi la kumwita mnafiki yeyote, na mara nyingi katika historia ya Ulaya msemo huu ulitupwa juu ya Wayahudi wote. Maandiko yenyewe hayaruhusu hukumu hiyo. Gamalieli, aliyewatetea mitume katika baraza, alikuwa Farisayo. Paulo, katika mlango ule ule wa 23 wa Matendo alimotumia mfano wa ukuta, ajitangaza kuwa Farisayo na mwana wa Farisayo. Na Talmudi yenyewe, katika kitabu cha Sota, yataja aina saba za Mafarisayo, na wengi wao huchekwa kwa ucha Mungu wa kujionyesha. Lawama ya unafiki ilikuwa ugomvi wa ndani ya nyumba, watu wa dini moja wakionyana juu ya hatari inayompata kila mshika dini. Mfano wa kaburi ulisemwa na Myahudi kwa Wayahudi, kwa sheria waliyoifahamu wote.

Kwa mtunga kamusi, basi, haitoshi kuandika kwamba kaburi lililopakwa chokaa ni mtu mwema kwa nje na mwovu kwa ndani. Tafsiri hiyo yamwacha mnafiki peke yake na siri yake, kana kwamba hasara ni ya nafsi yake tu. Msemo wa asili wawatazama wale wanaomzunguka: mwanafunzi anayemfuata mwalimu wa namna hiyo, raia anayemtii hakimu wa namna hiyo, waumini wanaoswalishwa au kuongozwa naye. Wamemkaribia kwa ajili ya weupe wake, nao hurudi nyumbani wakiwa wamechukua kitu wasichokijua.